Pasipopigwa Picha

Juu ya kompyuta yake alibandika karatasi yenye maneno manne, yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Pasipopigwa picha paachwe peusi.

Hiyo ndiyo kanuni aliyoishi nayo miaka kumi na tisa. Alikuwa fundi wa picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha barabarani, kati ya duka la madaftari na kibanda cha fundi viatu. Ndani mlikuwa na stuli ya mbao, shuka jeupe na shuka la bluu la kuning'iniza nyuma ya mteja, na taa mbili zenye miavuli, mmoja ubavu wake umefungwa kwa plasta ya jeraha. Watu walikuja kupiga picha za pasipoti na za vitambulisho vya kazi. Wengine walileta picha za zamani, zilizochanika au kuliwa na wadudu, wakitaka zifufuliwe.

Siku moja mjane alileta picha ya marehemu mumewe. Mchwa walikuwa wamekula nusu ya uso.

"Mama, nikwambie ukweli," fundi alisema. "Mikunjo nitaiondoa, na shati nitalirudishia weupe wake. Lakini jicho hili silijui."

"Si liko kama lile lingine? Kule barabara ya pili wanaugeuza ule upande mzima, basi, kazi imekwisha."

"Jicho la mtu halifanani na mwenzake. Nikikuchorea, kila asubuhi utakuwa unamwamkia mwanamume mwingine."

Mjane alizoa picha yake mezani. "Wewe hujafiwa," alisema, "ndiyo maana una maringo." Akaenda barabara ya pili.

Fundi alikuwa na haki. Angeweza kulisema jambo hilo kwa upole zaidi, lakini haki ilikuwa yake. Anayejaza asichokijua na kukiuza kama anakijua ni mwongo, hata kama anayeuziwa anatabasamu.

Ilikuwa katika kutafuta njia ya kuondoa mikwaruzo kwenye picha hizo ndipo alipokutana na mwezi wa sayari nyingine. Aligundua kwamba mtandaoni kuna ghala la picha lililo wazi kwa mtu yeyote. Picha hizo zilitumwa na chombo cha angani kisicho na rubani, kilichoizunguka sayari kubwa ya mbali na kupita mara kadhaa karibu na mmoja wa miezi yake, mpaka mafuta yakakiishia kikafa. Mwezi huo umefunikwa na barafu, nayo barafu imepasukapasuka kama kisigino kilichokauka. Wataalamu walichukua walichokihitaji katika picha zile wakaendelea na mambo mengine. Mlango hawakuufunga.

Picha zenyewe zilikuja ghafi, za kijivu, zimejaa vidoa vyeupe. Kamera ya chombo haikujua rangi. Ilipiga mahali pamoja mara tatu, kila mara kupitia kioo cha rangi tofauti, na ni kazi ya mtu aliye duniani kuzilaza hizo tatu moja juu ya nyingine mpaka rangi ijitokeze. Ugumu ni kwamba kati ya picha ya kwanza na ya tatu chombo kilikuwa kimeshasogea. Kingo hazilingani. Unavuta kidogo, unazungusha kidogo, unatazama kama ufa wa picha hii umekaa juu ya ufa wa picha ile. Ukimaliza kipande kimoja, unakiunganisha na jirani yake. Vidoa vyeupe navyo unavikagua kimoja kimoja, kwa kuwa vingi ni uchafu wa safari, na kimojawapo huenda ni jiwe la kweli lililosimama juu ya barafu.

Alifanya kazi hiyo kila jioni, wateja wakishapungua, saa kumi na moja mpaka saa mbili. Alikuwa na tabia aliyoitoa enzi za filamu, alipokuwa akikagua negativu kwa lenzi ya mkononi: kila alipofika penye kiungo, alifumba jicho la kushoto, akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta, akatazama kwa la kulia peke yake. La kushoto lilikuwa zito tangu utotoni. Hakuliamini.

Hakuwa peke yake katika mapenzi hayo. Kulikuwa na kundi la simu la watu kumi na mmoja, wametawanyika mbali, wengi hawajawahi kuonana. Mmoja alikuwa muuguzi, mwingine mwalimu wa hesabu, mwingine dereva wa lori la masafa marefu aliyefanyia kazi zake kwenye kompyuta ndogo, lori likisubiri kupakiwa. Humo fundi aliitwa Mzee Peusi, kwa sababu picha zake zilikuwa na mapengo meusi. Palipokosa picha, yeye hakugusa. Wengine walikuwa wananakili barafu ya jirani na kuziba nayo pengo, ili mwezi uonekane mzima na watu wausifu.

Dereva alifanya hivyo mara moja tu. Fundi alimtumia ujumbe wa sauti mbele ya kundi zima: "Ndugu yangu, hiyo barafu ya kona ya juu umeiokota wapi? Nimeihesabu nyufa zake. Ni ileile ya kona ya chini, umeipindua kichwa chini miguu juu. Wewe ukipeleka magunia mia ukakuta tisini, hayo kumi unayachora kwa chaki?"

Kundi lilicheka siku mbili. Dereva aliomba radhi, na tangu hapo kila alipotuma picha alimalizia kwa kusema, "Mzee Peusi, nimeacha shimo lako, njoo ulikague."

Huyo ndiye mtu niliyetaka mumjue kabla sijaeleza alichokifanya.

Alipofika miaka hamsini na mbili alianza kugonga bega kwenye miimo ya milango. Mkewe alimpeleka kwa daktari wa macho. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa unaokula mshipa wa jicho polepole bila kuuma. Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimpa chupa ndogo ya dawa.

"Tone moja kila jicho asubuhi. Tone moja kila jicho jioni, saa kumi na mbili. Maisha yako yote, baba. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Hii inalinda kilichobaki."

"Nikisahau siku moja?"

"Usisahau."

Hakusahau. Ingekuwa heri kama angesahau. Alikuwa akikumbuka vizuri kabisa, kila jioni, na kila jioni aliiacha. Dawa ilimchoma, halafu kwa muda wa saa nzima ilimwekea ukungu mbele ya macho. Saa kumi na mbili ilikuwa katikati ya saa zake tatu za mwezi. Tone la asubuhi alilitia bila kukosa, mkewe akimwona. La jioni alijiambia atalitia akimaliza.

Kuna uongo ambao mtu hawezi kumwambia mwenzake kwa sababu mwenzake atacheka, lakini akijiambia mwenyewe anauamini. Huu ulikuwa mmoja wao.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu aliyezoea kukadiria. Hakukawia kuona.

"Baba watoto, hii chupa ni ya siku thelathini. Tuna siku ya hamsini na ngapi leo? Inajijaza yenyewe?"

"Natia tone dogo."

"Tone lina dogo na kubwa?"

"Mama watoto, niache nifanye kazi."

"Kazi ipi? Huo mwezi kuna mtu kule anakusubiri? Kuna mteja amekaa kwenye stuli huko, anataka picha yake Jumatatu?"

Aligeukia kioo cha kompyuta, na mkewe alijua kwamba huko ndiko kukiri kwake. Alimwambia tena wiki iliyofuata, na wiki nyingine. Alimwekea kengele kwenye simu ilie saa kumi na mbili kamili. Fundi alikuwa akiizima kwa kidole gumba, mkono wa pili ukiwa kwenye kipanya. Yakaenda hivyo miaka miwili.

Katika miaka hiyo alikuwa ameianza kazi kubwa kuliko zote: upande wa kusini wa mwezi ule, vipande arobaini na vitatu, kila kipande picha tatu. Hakuna aliyewahi kuuunganisha wote kwa mkono namna hiyo. Wenzake katika kundi walisubiri. Na kadiri macho yalivyomsumbua, ndivyo alivyozidi kuharakisha. Alijua anakimbizana na nini. Alichokataa kukubali ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiupa upofu miguu ya kukimbilia.

Siku ya Ijumaa, alipokuwa ameunganisha karibu thelathini, alirudi kwenye kipande cha kumi na nane alichokuwa amekiruka, akakilaza kando ya cha kumi na saba. Ufa mkubwa uliokuwa ukipanda kutoka kipande cha kumi na moja ulifika ukingoni. Alifumba jicho la kushoto, akasogea. Ufa ulipita. Ulitoka kipande kimoja ukaingia cha pili bila kukatika, na kwenye cha pili uliendelea mpaka nje ya picha. Kama ni ufa mmoja, basi barafu yote ya kusini ilipasuka kwa pigo moja, wala si vipandevipande kama kundi lilivyozoea kudhani. Desturi yake ilikuwa kuilaza picha mpaka kesho, aitazame upya kwa macho yaliyopumzika. Safari hii hakusubiri. Aliituma saa hiyohiyo, pamoja na ujumbe wa sauti:

"Ndugu zangu, ni ufa mmoja. Hauna mkato. Nimeukagua mwenyewe kwenye kiungo. Yeyote mwenye shaka na aseme."

Aliyesema alikuwa dereva, Jumamosi asubuhi, nyuma yake injini ikinguruma.

"Mzee wangu, shikamoo. Nimeikuza hiyo picha yako. Baina ya kumi na saba na kumi na nane pana peusi. Mstari mwembamba kama njiti ya kiberiti, lakini ni peusi tii, hapana picha. Ufa unaishia pale, na ng'ambo kuna ufa mwingine unaanzia. Huenda ni huohuo, huenda siyo. Au unanipima? Unanilipizia ile barafu yangu?"

Muuguzi akatuma neno moja: "Kweli." Mwalimu wa hesabu akafuata: "Mimi pia napaona."

Fundi aliifungua picha. Alifumba jicho la kushoto akasogea. Ufa ulikuwa mzima. Alimwita mkewe, aliyekuwa amemletea chai.

"Hebu njoo uwaone hawa watu wanavyonichezea. Hapa pana nini?"

Mkewe aliinama. "Pana kistari cheusi."

"Wapi?"

"Hapa." Akaweka ukucha wake juu ya kioo. Fundi aliona barafu ikifika kwenye ukucha na barafu ikiendelea baada ya ukucha. Mkewe alipouondoa, ufa ulikuwa unapita.

"Na wewe umejiunga nao."

"Mimi? Mimi hata hilo kundi lenu silijui linafungwaje wala linafunguliwaje." Kisha akamtazama uso. Alimwona alivyokuwa amekunja nusu ya uso wake. "Kwa nini umefumba hilo jicho?"

"Ndivyo ninavyofanya siku zote."

"Lifungue. Halafu ufumbe hilo lingine."

Alifanya hivyo. Kwa jicho la kushoto, zito, alilolidharau tangu utotoni, alikiona kistari cheusi. Kilikuwa kimesimama baina ya vipande viwili kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Alibadilisha jicho, kikatoweka, barafu ikafunga. Alibadilisha tena. Alirudia mara nyingi, haraka haraka, kama mtu anayewasha na kuzima taa ya chumba akitumaini kwamba safari inayofuata atakuta kitu tofauti. Chai ilipoa. Mkewe alimshika kichwa kwa mikono miwili akakizuia.

"Inatosha, baba. Inatosha."

Jumatatu daktari wa macho alimkalisha mbele ya mashine yenye bakuli jeupe. Mgonjwa anaingiza uso ndani, taa ndogo zinawaka huku na huku, naye anabonyeza kitufe kila anapoiona moja. Fundi alibonyeza, akasubiri, akabonyeza.

"Mashine yenu inasinzia," alisema alipotoka. "Kuna wakati inakaa kimya muda mrefu."

"Haikukaa kimya hata mara moja," daktari alimjibu. "Taa zilikuwa zinawaka muda wote."

Alimwonyesha karatasi. Duara la jicho la kulia lilikuwa limejaa wino karibu lote, na doa moja lilikuwa limekaa kando tu ya kitovu. La kushoto nalo lilikuwa limeanza kuliwa pembeni.

"Lakini mimi sioni peusi," fundi alisema. "Mama, sikiliza. Kama pamekufa, si ningeona peusi? Ningeona shimo. Naona barafu. Naona ukuta wako huu mzima."

"Hakuna anayeona peusi, baba. Mahali palipokufa, ubongo unachukua kilichopo jirani unapajaza. Ukuta unajazwa ukuta."

Fundi aliuliza, kwa hasira kabisa, kama anayemgombeza kibarua wake: "Nani ameupa ruhusa?"

Daktari hakuelewa swali, akafikiri mgonjwa amechanganyikiwa. Mkewe alielewa. Aligeuza uso akatazama dirishani.

"Dawa ulikuwa unatia?" daktari aliuliza.

"Asubuhi."

"Na jioni?"

"Jioni nilikuwa na kazi. Inaleta ukungu."

"Si ungetia ukimaliza?"

"Sikuwa namaliza."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakumkaripia. Alimwandikia dawa kali zaidi na upasuaji wa kushusha presha, akasema wazi kwamba upasuaji ni wa kuchelewesha tu, na kwamba jicho la kulia hata kuchelewesha kumepitwa na wakati.

Jioni ile fundi alituma ujumbe wa sauti kwa kundi. Dereva alikuwa ameshamtangulia faraghani kwa nia njema: "Mzee wangu, iache ilivyo. Chombo kimeshakufa, hakuna atakayekwenda tena kupapiga picha pale. Nani atajua?" Fundi alimjibu mbele ya wote.

"Dereva ameona sawasawa. Pana peusi. Mimi nilisema nimekagua, na kweli nilikagua, kwa jicho bovu. Ni bovu kwa sababu nilipewa dawa ya jioni sikuitia miaka miwili. Futeni ile picha. Na ule ufa msiuite mmoja."

Namheshimu kwa ujumbe huo. Lakini ukweli uliosemwa baada ya hasara haurudishi hasara, na yeye alijua.

Baada ya upasuaji, miezi iliyofuata ilikuwa ya kuhangaika tu. Matone ya jioni sasa aliyatia saa kumi na mbili kamili, akalala chali kwenye benchi la wateja mpaka ukungu uishe, na saa zilizobaki alimkalisha mkewe kwenye kiti chake.

"Sogeza kushoto."

"Kushoto yangu au ya mwezi?"

"Mwezi una kushoto? Kushoto ya mkono wako! Basi. Umepitiliza. Rudi."

"Baba, hizi zote kwangu ni barafu tu. Nashona sare, sijui kushona mawe."

"Tazama ule ufa mdogo, ulio kama uma. Umekaa juu ya mwenzake?"

"Nadhani."

"Usidhani! Umekaa au haujakaa?"

Mkewe aliinua mikono kutoka kwenye kipanya akaiweka mapajani. "Sijui," alisema, machozi yakimtoka. "Mimi sijui, na wewe huoni. Sasa tufanyeje?"

Fundi alimwondoa taratibu kitini, akakaa yeye, akalisogeza jicho la kushoto mpaka pua ikagusa kioo. Aliunganisha kipande kwa siku tisa. Zamani kilimchukua jioni mbili. Kilichofuata kilimchukua wiki tatu, dereva akakirudisha: kilikuwa kimepinda. Alikirudia, kikapinda tena upande wa pili. Mchana wateja walirudi na picha zao za pasipoti. Mmoja alikuwa amekatwa sikio pichani. Mwingine aliwekewa shuka jeupe badala ya la bluu, akarudishwa na karatasi zake kwenye dirisha la ofisi ya pasipoti. Fundi aliwaomba radhi na kuwapiga picha tena, na wengine waliokatwa vibaya hawakurudi kulalamika. Walikwenda barabara ya pili.

Aliitoa mwenyewe ile karatasi ya juu ya kompyuta. Hakuichana. Aliikunja akampa mkewe, akamwambia aitume kwa dereva pamoja na vipande vyote, vilivyokamilika na visivyokamilika. Dereva alipiga simu badala ya kutuma ujumbe.

"Mzee Peusi, mimi sina mkono wako. Nitaharibu."

"Hutaharibu. Utaacha mapengo."

"Yako mengi mno."

"Yaache yawe mengi."

Studio ina mtu mwingine sasa. Mashine ya kushonea ya mkewe ndiyo inayoendesha nyumba. Jicho la kulia la fundi limekufa. La kushoto limebakiza tundu analoweza kuonea uso wa mtu mmoja, akiwa amekaa karibu naye, mchana. Katika vipande arobaini na vitatu vya kusini aliunganisha thelathini na kimoja. Dereva ameongeza viwili. Kumi bado, na fundi hataviona. Kilichomgharimu haya yote ni tone moja kila jicho saa kumi na mbili jioni, alilokuwa nalo mfukoni.